Nani Kala Chaji?

Mimi si mwepesi wa hasira. Watoto wangu wote wamenipita kwa hilo. Naweza kuchambua mchele punje kwa punje huku watu wanagombana juu ya kichwa changu, na nikimaliza mchele nao huwa wamemaliza ugomvi. Lakini asubuhi ile mwanangu alipoibeba cherehani ya marehemu dada yake akaitua nje, manyunyu yanaanguka, niliweka ungo chini. Mpaka leo nikikumbuka, mkono huu unatafuta fimbo ambayo sina.

Nianze mwanzo, maana hasira ikitangulia, maneno hufuata kinyumenyume.

Mwanangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Anachora kwenye kompyuta, ile ya kukunja kama kitabu, na kila asubuhi huibeba kwenda kwenye viwanja vya watu. Huko hakuna umeme. Kuna vigingi, kamba na mchanga. Huifungua juu ya boneti la gari la mwenye kiwanja, akamwonyesha sebule itakaa wapi na choo kitatazama wapi. Betri ikiwa kavu, hana kazi siku hiyo. Ni mtu mzima tu aliyesimama juani na kisanduku mkononi.

Nyumbani tuko mimi, yeye, mke wake, watoto wao wadogo wenye mikono ya kunguru, na mjukuu wangu Pilipili. Pilipili ni mtoto wa binti yangu aliyetangulia mbele ya haki. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu tangu mdogo akikasirika watu hupiga chafya. Sasa ni msichana mkubwa, anajifunza kushona kwa fundi mmoja wa nguo hapo mtaani kwetu, mama mnene wa mwili na wa roho. Anashona kwa cherehani ya mama yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni. Hulala sebuleni, kwenye godoro ambalo asubuhi hulisimamisha nyuma ya mlango.

Sebule yetu ndiyo chumba cha kulia, ndiyo ofisi ya mwanangu, na kwenye kona kuna friji. Friji hilo lilikuja kwetu likiwa limeshatumikia nyumba nyingine, tunaliita Trekta. Likiwaka linanguruma na kutikisika mpaka vijiko kwenye sahani vinaongea. Kisha linanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia habari mbaya. Sisi tumelizoea. Anayeshtuka ni mgeni.

Kwa ajili ya ile mikono ya kunguru, nyumba yetu ina sheria: jioni kila kitu cha maana kinapanda juu ya Trekta. Dawa zangu za presha, miwani, funguo, mkasi wa Pilipili, na kompyuta. Mwanangu haizimi. Huifunika tu, ikalala, ili akiifunua asubuhi akute michoro iko pale pale alipoiachia. Juu ya mgongo wake huweka kipanya chake kipya kisicho na waya, ambacho siku hizo alikipenda kuliko alivyonipenda mimi. Kuiacha kwenye chaji usiku hataki, kwa sababu umeme wetu una tabia ya kuruka, na ulishamchomea moja.

Basi ndipo ulipoanza huo ugonjwa. Jioni anaifunika betri imejaa. Asubuhi anaifunua, imekauka kama mtungi wa kiangazi.

Sitamnyima haki yake. Mwanzoni aliutafuta ugonjwa kama mtu mwenye akili. Alipunguza mwanga wa kioo, akafunga programu zote, akazima intaneti. Aliipeleka kwa fundi wa kompyuta, betri ikapimwe. Fundi akamwambia, "Kaka, hii betri ina afya kuliko wewe." Aliporudi na jibu hilo, aliacha kutafuta ugonjwa, akaanza kutafuta mtu.

"Kitu kilicholala hakili," alisema, amesimama mlangoni na begi lake. "Kama chaji imeliwa, yupo aliyeila."

Macho yake yakaenda kwenye godoro nyuma ya mlango. Pilipili aliyaona.

"Mjomba, godoro langu limekukosea nini?"

"Nauliza tu. Nani analala chumba kimoja na kompyuta?"

"Hata Trekta linalala nayo. Liulize."

Mkwe wangu akacheka, akamwona mumewe, akameza kicheko.

"Usinifanyie utani, wewe. Hizo tamthilia zako unaziangalia wapi?"

"Kwenye simu yangu yenye ufa, mpaka macho yananiuma. Kompyuta yako sijaigusa."

Akabadilisha neno la siri. Asubuhi, kavu. "Amelijua," akasema. Akabandika karatasi ya kunata kwenye mdomo wa kompyuta, anayeifungua lazima aichane. Asubuhi karatasi nzima, betri kavu. Mtu mwingine hapo angesema, Mungu nisamehe, basi si yeye. Mwanangu alisema nini?

"Amebandua akabandika tena. Anajifunza kushona huyu, ana vidole vyepesi."

Nilitaka kumwuliza kama masikio yake yanasikia kinachotoka mdomoni mwake. Pilipili akanitangulia.

"Ifungie basi! Ifungie kabatini kwako na kufuli, na ufunguo umeze!"

Akaifungia. Jioni ile kompyuta haikupanda juu ya Trekta. Ililala chumbani kwake, katikati ya mashati, kipanya mgongoni. Na asubuhi, ee bwana, betri ilikuwa imejaa pomoni.

Sijawahi kuona mtu akifurahia habari mbaya namna ile. Alitoka chumbani ameinua kompyuta juu kwa mikono miwili, kama aliyeshinda kombe.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Jirani wa kushoto alikuwa anafagia, wa kulia anaanua nguo kwa sababu ya manyunyu, na wote wawili kazi zao zikasimama. Mwanangu hakupunguza sauti. Alimwita mwongo. Alimwita mwizi wa ndani.

"Kwa sababu yako juzi nimesimama mbele ya mteja na kioo cheusi! Unajua aliniambiaje? 'Ramani yako nzuri, fundi, umeichora ikiwa usiku.' Na amekwenda kwa mchoraji mwingine!"

Mimi mwenyewe, nisiseme uongo, hesabu hiyo ilinishinda. Kwenye friji inakauka, kabatini inajaa. Nilijua tu kwamba mtoto huyu nimemlea, na akiiba sukari huja kuniambia kabla hajamaliza kuilamba.

Pilipili hakulia. Alisimama na sindano yake imechomekwa kifuani kwenye blauzi, uzi unaning'inia.

"Mjomba, niite mvivu, nitakaa. Niite mjeuri, nitakaa, na ni kweli. Mwizi, hapana. Ukiniita mwizi naondoka."

"Ondoka."

Na ili ijulikane kwamba hatanii, akaikumbatia cherehani, chuma na meza yake, mishipa ya shingo imemtoka, akaitoa nje akaitua penye manyunyu.

Nikasema, "Iache hiyo."

"Mama, usiingilie."

Usiingilie! Nilichokizaa mimi kinatoa nje kumbukumbu ya nilichokizaa mimi, halafu mimi nisiingilie. Niliweka ungo chini, nikatafuta fimbo, sikuiona. Pilipili alivua mtandio wake akaifunika cherehani kichwa, yeye akabaki analoa. Yule fundi wake wa nguo, kelele zilipomfikia, alileta mkokoteni ampeleke kwake.

"Mke mwenzangu," Pilipili akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana tangu babu yake yuko hai, "usinililie. Sijafa."

"Sikulilii wewe. Nalia kwa kukosa cha kumpigia huyu."

Akacheka kidogo, akaenda zake nyuma ya mkokoteni.

Jioni mwanangu alikula vizuri. Kompyuta ikarudi kwenye makazi yake juu ya Trekta, kipanya mgongoni, maana sasa nyumba haina mwizi. Asubuhi niliwahi kukaa kwenye kiti changu. Nilitaka niwepo.

Akaifunua. Kioo cheusi. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayemwamsha maiti.

Nikamwuliza taratibu, "Nani kala chaji?"

Akaigeuza kompyuta, akaitazama chini.

"Godoro lile pale, limesimama. Limeila godoro?"

"Mama..."

"Au mkeo? Au mimi, na haya macho yangu ambayo hata tarehe kwenye kalenda nasomewa? Nitajie jina. Jana ulikuwa unalijua, mtaa mzima umelisikia."

Mkwe wangu akaweka sufuria chini kwa kishindo. "Mume wangu, kama umebaki na mimi tu, sema mapema nifungashe."

Akaanza kusema labda betri. Nikamwambia betri ilikuwa nzima siku alipomfukuza yatima wa dada yake, na leo itakuwa nzima. Nikamwambia hatakwenda kiwanja chochote. Amwite fundi wa kompyuta aje hapa, aitazame mahali inapolala, asiitazame mezani kwake.

Fundi alikuja kabla ya adhuhuri, bwana mwembamba mwenye begi mgongoni. Aliitia chaji kidogo, kisha akasema, "Nionyesheni mnavyoilaza. Kila kitu kama kila siku, msiongeze wala msipunguze."

Mwanangu akaifunika, akaipandisha juu ya Trekta, akaweka kipanya. Ubavuni mwa kompyuta kilibaki kijitaa kimoja, kinawaka na kufifia polepole kama mtu anayepumua usingizini. Fundi akaomba maji ya kunywa, akakaa. Tukakitazama kijitaa. Nilianza kujiona mjinga.

Ndipo Trekta likawaka. Vijiko vikaongea. Na kile kipanya, mbele ya macho yetu, kikatambaa upana wa ukucha kwenye mgongo wa kompyuta, taa nyekundu ikawaka tumboni mwake. Kijitaa cha ubavuni kikaacha kupumua, kikakaza jicho. Halafu tukasikia feni ya ndani, fuuu. Kompyuta imefunikwa, hakuna aliyeigusa, na iko macho.

Fundi alicheka mpaka maji yakampalia.

"Kaka, kompyuta yako hailali! Kila friji likiwaka, kipanya kinatikisika. Kipanya kikitikisika, kompyuta inadhani bosi kakishika, inaamka. Inakaa gizani inakusubiri. Ikichoka inalala, friji linaiamsha tena. Mpaka asubuhi."

"Mbona kabatini ilijaa?" mwanangu akauliza, sauti imekuwa ya mtoto.

"Kabatini kuna trekta?"

Akakipindua kipanya, akatuonyesha swichi ndogo tumboni. Ya kukizimia. Mwenye kipanya, mpenzi wake, hajawahi kukipindua hata siku moja. Kisha fundi akafungua kompyuta, akaingia kwenye mipangilio, akakinyima kipanya ruhusa ya kuiamsha. Basi. Glasi ya maji ilikuwa haijaisha.

Mwanangu akachukua simu. "Nampigia Pilipili arudi."

"Weka chini," nikamwambia. "Mwizi hukumwita kwa simu. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Haya, umekiona, ulikinunua mwenyewe. Utakwenda kwa miguu yako, na cherehani utairudisha kwa mikono ile ile iliyoitoa. Mkokoteni sitaki kuuona."

"Mama, watu watanitazama."

"Ndiyo. Na watazame."

Nikamfuata nyuma, polepole, kwa magoti yangu haya, mpaka kwa yule fundi wa nguo.

Pilipili alikuwa anashona kola. Alituona, mguu wake haukuacha kukanyaga. Mwanangu akainama karibu naye, akanong'ona kitu.

"Sikusikii, mjomba. Cherehani inapiga kelele."

Akasema tena.

Pilipili akasimamisha mguu. "Bado sikusikii. Jana nilikusikia vizuri, na majirani wakakusikia wakiwa kwao."

Fundi wa nguo akatoa pini mdomoni, asipitwe. Wateja wawili waliokuwa wanachagua vifungo wakaviacha.

Mwanangu akanyooka. "Nilikusingizia!" akasema kwa sauti. "Hukuigusa. Kilikuwa kipanya changu, kwenye friji. Wewe hukuiba kitu. Nisamehe."

Pilipili akakata uzi kwa meno. "Nitarudi kwa ajili ya bibi. Wewe nitakusamehe nikiweza, leo siwezi. Na kompyuta yako ikalale huko kwako, sitaki chumba kimoja nayo."

"Sawa."

"Beba basi."

Akaibeba. Cherehani ya miguu ni chuma kitupu. Alikuwa akipiga hatua kidogo anaitua, anapangusa jasho, anaikumbatia tena. Penye geti la kwanza jirani wa kulia akamwuliza, "Mchoraji, mnahama?"

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama, sina haraka ya kwenda popote.

"Cherehani ya mpwa wangu," akasema. "Nilimsingizia wizi."

Akatua na kwenye geti la pili, akaulizwa vile vile, akajibu vile vile. Pilipili alipotaka kushika upande mmoja amsaidie, nilimvuta mkono wa blauzi. "Mwache, mke mwenzangu. Alipoitoa alikuwa peke yake."

Ndani aliiweka chini ya dirisha mahali pake. Kwenye gurudumu yale manyunyu yalikuwa yameshaacha doa la kutu, la rangi ya chai. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikampa kitambaa na mafuta, akapiga magoti, akaanza kusugua. Trekta likawaka kwenye kona, vijiko vikaongea, na hakuna aliyecheka. Nikauvuta ungo wangu, nikakaa pale pale mbele yake kumtazama, mpaka doa litoke.