Kigingi cha Kumi

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, akiwa bado amekaa juu kwenye kiti chake, injini inanguruma. La pili lilivunja kioo. Kisha wanaume watatu wakapanda minyororo ya tingatinga kama watu wanaopanda ngazi za nyumbani kwao, wakamvuta kwa shati, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi alilolitimua mwenyewe. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilisikia meno yakivunjika.

Tulimwita Baba Pacha, na mtaa mzima tulimpenda. Mkewe alikuwa mteja wangu. Tangu barabara kuu mpya ianze kuchimbwa kuja upande wetu, kila saa nne alizima mtambo akaja kunywa maji mlangoni kwangu. Mimi ni msusi. Chumba changu cha mbele kilikuwa na viti vitatu, kioo chenye ufa, na wanawake wasiopungua wanane: wawili wanasukwa, sita wanachambua watu. Habari yoyote ya mtaani ilipita kwangu kabla haijamfikia mwenyewe.

Mlangoni kulikuwa na X nyekundu, imechuruzika mpaka kizingitini. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, alinizalia humo humo, na safu yetu yote ilitakiwa ivunjwe. Wateja wakanitania: "Shoga, umesahihishiwa mtihani. Umekosa!"

"Shemeji," nilimwuliza Baba Pacha siku moja, "hivi unajuaje pa kuvunja? Unasoma ramani?"

Alicheka mpaka maji yakamtoka puani. "Ramani wanazo wakubwa. Mimi nafuata vigingi vyenye utepe. Kutoka hiki hadi kile, nanyoosha. Hata wakivipanda kwa mama mkwe, nanyoosha tu!"

Chumba kizima kilicheka. Mimi na wifi yangu, aliyekuwa akinisaidia kusuka, tulitazamana kwenye kioo.

Tulifanya mchana, wafanyakazi walipokwenda kula. Wifi alificha nyundo ndani ya beseni la nguo. Tuling'oa kigingi kimoja kimoja, tukakipanda hatua ishirini pembeni, kwenye uwanja mtupu, na mashimo ya zamani tukayafukia kwa visigino. Tulikuwa tunacheka, Mungu anisamehe, kama wasichana wanaoiba sukari. Tulihamisha tisa. Cha kumi kilikuwa mbele zaidi, ng'ambo ya nyumba ya mlinzi wa ghala, na tayari tulisikia sauti za wafanyakazi wakirudi.

"Kiache," alisema wifi. "Tisa watashindwa na mmoja?"

Sasa, ukivuta kamba kutoka cha tisa, kule uwanjani tulikokipeleka, hadi cha kumi pale kilipobaki, kamba inakwenda mshazari, inapita katikati ya nyumba ya mlinzi. Sisi hatukuvuta kamba. Tulikwenda kunawa mikono.

Nyumba ya mlinzi haikuwa na X. Kwa hiyo hakuhamisha hata sufuria. Alilinda usiku, akalala mchana, na mimi, niliyejua mpaka nani anakoroma na nani anasingizia kukoroma, nilijua saa anayolala.

Asubuhi iliyofuata Baba Pacha alinyoosha. Alikuja kwa nyuma, na alama hupakwa milangoni. Ukuta ulianguka bila kishindo kikubwa, kama mtu aliyekaa chini kwa uchovu. Aliyepiga kelele ni mke wa mlinzi, aliyekuwa bombani. Tulimfukua mumewe kwa mikono, yeye na kitanda kilichojikunja juu yake. Kifua kilikuwa bapa. Jicho moja lilikuwa wazi, limejaa udongo, na hakulipepesa.

"Nyumba haina hata alama!" mtu alipaza sauti. "Amemwua makusudi!"

Hapo ndipo mawe yalipoanza.

Mawe yalipopungua, watu waling'oa vigingi. Vyote, vile tisa na cha kumi, wakampiga navyo, na kila mkono ulipopanda, utepe mwekundu ulipepea. Waliompiga walikuwa wateja wangu, waume wa wateja wangu, fundi cherehani aliyekuwa haui hata mende. Mmoja alimkanyaga vidole, taratibu, kimoja baada ya kingine. Baba Pacha alikuwa akisema neno lile lile kupitia damu: "Nimefuata vigingi! Tazameni vigingi!" Halafu akaniona.

"Shemeji! Waambie!"

Alikuwa na haki ya kuniita. Mtaani mimi ndiye mwenye mdomo. Ningepiga ukelele mmoja, "Jamani, ni mimi," wangemwachia.

Na wangenigeukia mimi.

Wifi alinitia jiwe mkononi. "Rusha," alininong'oneza, midomo haitikisiki. "Watu wanatutazama."

Nilirusha. Lilimpata juu ya sikio, akanyamaza.

Polisi walifika watu walipokuwa wamechoka wenyewe. Wiki mbili baadaye wapimaji walipanda vigingi vipya palepale vilipokuwa kabla sisi hatujavihamisha, ukaja mtambo mwingine na dereva mwingine, na nyumba ya mama ikawa kifusi kabla ya adhuhuri. Kiwanja cha mlinzi kilibaki kitupu. Barabara haikuwahi kukihitaji. Mimi nilihamishia viti vyangu mtaa wa pili, wanawake wakanifuata, umbea ukaendelea. Wifi tunaonana kwenye misiba.

Mwaka barabara ilipofunguliwa, nilikwenda kumtazama Baba Pacha. Mkewe alinikumbatia mlangoni, akasema mimi ndiye jirani wa kwanza wa zamani kukanyaga pale. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimebonyea upande mmoja, mate yanafutwa kwa leso iliyofungwa shingoni. Hakunitambua, au alinitambua, sijui.

"Vigingi vilihama," alisema.

"Ndiyo wimbo wake huo," mkewe alinieleza, akimfuta kidevu. "Asubuhi mpaka jioni. Watoto wameacha kukaa naye, wanasema baba ana wazimu. Wewe ulikuwepo siku ile, ndugu yangu. Hebu mwambie vigingi havitembei, labda atatulia."

Wote wawili walinitazama.

"Havitembei, shemeji," nilisema.

 Baba Pacha aliitikia kwa kichwa, polepole, akamwomba mkewe amlaze.