Nyeupe ya Maziwa, Nyeupe ya Majivu

"Hayo yako ni majivu, wifi. Mama hajafa, kwa nini tumzungushie majivu?"

"Na hayo yako ya maziwa? Unataka mama yangu alale chumba cha upasuaji?"

Nusu saa nzima mimi na dada wa mume wangu tulikuwa tumesimama mbele ya mabaka mawili ya rangi yaliyopakwa ukutani jana. Mume wangu, kabla ya kwenda kazini, aliapa kwamba ni rangi moja. Fundi alikaa juu ya ndoo, rola mkononi, akisubiri mmoja wetu achoke.

Mimi nilikuwa na hoja. Macho ya mama mkwe yamefifia, kwa hiyo anahitaji chumba cheupe kabisa. Wiki nzima tangu tumlete amekuwa akiniita nimwashie taa, nimzimie taa. Jana alisema, "Nikizidi kushikwa mkono kama mtoto, nirudisheni kwangu." Mkoba wake wa nguo uko koridoni, hajataka tuupakue. Na huko kwake ni yeye peke yake na ile ngazi iliyomwangusha.

"Mna maneno nyie!" Alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo. "Mnagombania ukuta wangu, na mimi hamjaniuliza."

Fundi alikuwa amebandua vifuniko vya swichi asije akavichafua. Akachukua kimoja, cheupe, akakibana juu ya rangi yangu. "Bibi, hiki kiko wapi?"

Mama mkwe akasogea, kiganja chake kikatambaa ukutani kama cha anayepiga pasi. Kikapita pembeni.

Fundi akakihamishia kwenye majivu. Kidole kikaenda moja kwa moja, kikagonga.

"Umebahatisha, Mama," nikasema.

"Haya, kihamishe." Akatugeuzia mgongo mpaka fundi alipokisogeza pengine humo humo kwenye majivu, kisha akageuka. Kidole kikagonga tena, katikati. "Nakiona. Cheupe kama jino."

Wifi akanitazama, mikono kiunoni. "Sema sasa, mwenye diploma."

"Nimekosea," nikasema, na nikajisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Nikamnyang'anya fundi rola, nikaichovya kwenye rangi ya majivu, nikaanza kulifuta baka langu. Nilikuwa bado sijalimaliza niliposikia, huko koridoni, zipu ya mkoba wa mama mkwe ikifunguliwa hadi mwisho.