Siasa Zibaki Mlangoni

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Winnipeg, katika ule ukumbi ambao umoja wetu wa wakimbizi huukodi chini ya kanisa, na mlangoni limebandikwa tangazo letu la miaka yote: SIASA ZIBAKI MLANGONI. Hata nikiwa macho naishi Winnipeg, kwa hiyo hapo sikushtuka. Nilichoshtukia ni kwamba safari hii watu wanatii.

Wanainama kama wanaovua viatu, wanavua siasa zao na kuzipanga ukutani. Ya Papa Balagizi, ambaye mvua ikinyesha nyumbani huisifu serikali, ilikuwa nyeusi, imepigwa rangi ikang'aa. Ya Cikuru, ambaye kwa mvua hiyohiyo huilaumu serikali, ilikuwa imekwisha kisigino.

Tulikutana kumwanulia tanga baba yangu. Baba alikufa wakati wa vita, darajani, mimi ningali nabebwa mgongoni. Kwetu tanga halianuliwi mpaka historia ya marehemu isomwe na waliopo waitikie, "Ndivyo alivyokuwa." Nimeshajaribu kuisoma mara kadhaa, na kila nikifika penye daraja kikao kinavunjika. Balagizi anasema waliompiga risasi ni waasi. Cikuru anasema ni jeshi. Mmoja siku hiyo alikuwa mji mwingine, mwenziwe hakuwa amezaliwa.

Na Mama huwa amekaa mbele, kwenye mkeka, anangoja. "Murhula," huniambia tukirudi, "ninyi maneno hayawaishi, mimi pumzi zinaniisha. Nataka nimwanulie mume wangu tanga kabla sijamfuata."

Basi kwenye ndoto nasoma. Nafika penye daraja. Balagizi anasimama kwa mazoea, anafungua kinywa, hakitoki kitu.

"Nilikuwa na neno," anasema. "Nimeliacha mlangoni."

"Hata mimi," anasema Cikuru, na wanatazamana kwa aibu kama wakwe waliokutana sokoni.

Ningeweza kumaliza pale pale. Lakini huko mlangoni siasa zenyewe zilikuwa zimeanza kutukanana. "Kibaraka we!" "Msaliti! Umekula ukimbizi mpaka umevimbiwa!" Nikatoka kuzinyamazisha. Nikaziambia jamani, hapa kuna msiba.

"Msiba wa upande gani?" ikauliza ile iliyokwisha kisigino.

Nilichoka, nasema kweli. Nilitaka kuketi palepale nilie, ila hapakuwa na nafasi, kwa sababu daraja lilikuwa linaingia. Lilipita kwa ubavu, mlango ukiwa mwembamba, likakung'uta theluji, likaomba radhi kwa kuchelewa. Lilipoketi, ukumbi ukawa ukingo wa mto. Maji yakatufika magotini. Mwenyekiti akatuomba tukunje suruali, kikao kikaendelea.

"Shahidi ajitambulishe," alisema mwenyekiti. "Uko upande gani?"

"Ng'ambo zote mbili," likajibu daraja. "Ndiyo kazi yangu."

"Katiba ya umoja wetu hairuhusu. Chagua mmoja."

Daraja halikubisha. Likajivuta kutoka ng'ambo ya pili, likabaki limening'inia juu ya maji.

"Sasa mimi si daraja tena," likasema kwa upole. "Ni gati."

"Basi gati liendelee."

Nikauliza mwenyewe, kabla mtu hajaomba kutoa taarifa. "Nani alimpiga risasi baba yangu?"

"Sijui, mwanangu. Sisi madaraja tunatazama chini, kwenye maji. Waliopita juu yangu siku ile wote walikuwa na buti, na buti zote zina uzito mmoja. Baba yako namkumbuka kwa alichobeba."

"Alibeba nini?"

"Kiatu cha mke wake. Kimoja, cha kulia. Fundi viatu alikuwa ng'ambo ya pili. Alipoanguka hakukiachia."

Mama akasema, "Eeh." Basi, hilo tu. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari anayoijua.

Nikaona midomo ya watu imeanza kufunguka kuitikia. Ndipo Balagizi akakumbuka kwamba jambo kama hilo haliwezi kupita bila kujibiwa. Akapiga mbio mlangoni kuchukua siasa yake. Cikuru naye mbio. Kwa haraka, kila mmoja akavaa ya mwenzake.

"Ni jeshi!" akapiga kelele Balagizi, mshipa wa shingo umemtoka.

"Ni waasi!" akajibu Cikuru, na mshipa uleule.

Hakuna aliyegundua. Wafuasi wao waliwapigia makofi kama kawaida, kila kundi mtu wake, na daraja likainuka, likasema lina ndege ya kuwahi. Mama kwenye mkeka maji yalikuwa yamemfika kifuani.

"Nyamazeni!" nikapiga ukelele. "Mama anazama! Nyamazeni!"

Ukelele huo ndio ulioniamsha. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya stuli, kundi letu la umoja limeshaamka: Balagizi kaandika waasi, Cikuru kaandika jeshi, kila mtu na siasa yake miguuni. Nikaigeuza kifudifudi.

Mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Nilisimama mlangoni nikiona haya, maana mtu mzima haulizi maswali ya ndoto kabla ya kunawa uso.

"Mama, siku ile baba alikuwa amebeba nini?"

Mwiko ukasimama. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimeota."

Alizima moto, akaingia chumbani kwake. Nikasikia zipu ya lile begi alilolibeba kambi hadi kambi, ambalo sijapata kuruhusiwa kulifungua. Alirudi na kiatu cha kike, cha kahawia, chenye kifungo cha pembeni, soli imejikunja kwa uzee. Cha kushoto.

"Miaka yote hii wananiuliza ni nani," alisema. "Hakuna aliyeniuliza alikuwa anakwenda wapi."

Akakiweka mezani kati yetu, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge.

"Cha kulia anacho yeye. Kaandike hivyo, Murhula. Halafu nisomee mimi hapa, nitaitikia mwenyewe."