Tangazo la Mahali

Mwuza vyungu hana haja ya meza. Chungu hukaa chini, juu ya majani makavu, kimeegemea mwenzake, na mnunuzi huchuchumaa, akakigonga kwa kidole na kusikiliza kama kina ufa. Dinah, mama Sellah, alikuwa akiuza vyungu namna hiyo karibu na lango la soko la Chwele tangu Sellah akiwa mgongoni, na sasa Sellah mwenyewe alikuwa ameshaolewa. Kwa hiyo mtu aliyekaa Bungoma akaandika kwamba bidhaa zote ziwekwe juu ya meza, huyo, kwa maoni ya Dinah, hakuwahi kununua chungu maishani mwake.

Lakini ndivyo walivyoandika. Mwaka ule wa 1957 baraza la wilaya lilikuwa bado jipya, na lilikuwa na hamu kubwa ya kusafisha mambo. Wajumbe wakatunga sheria ndogo ya masoko. Kila mwuzaji aandikishwe, apewe mahali pamoja tu, penye meza. Mahali pote pa zamani pafutwe. Asiye na meza akauzie ng'ambo ya mto, katika uwanja wa matope ambao hata mbuzi waliukwepa. Meza zenyewe zilikuwa chache, na kabla hazijapigwa msumari zilikuwa tayari zina wenyewe, wanaume wenye leseni za kuuza nguo na vipuri vya baiskeli.

Habari hizo Dinah alizipata kwa Jairus, mjumbe wa Chwele barazani. Jairus alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mjumbe, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Ukimwuliza swali dogo, alikupa somo zima. Dinah alimwendea na wenzake wa mboga na nafaka, wakamkuta akikama ng'ombe.

"Haijakuwa sheria bado, mama," Jairus alisema. "Imesomwa mara ya kwanza tu. Sasa inatangazwa sokoni. Halafu kamati inakuja hapa hapa Chwele kusikiliza pingamizi, na Bwana DC mwenyewe anakuwa kwa kiti. Kama pingamizi iko, tunarudisha kile kifungu, tunakibadilisha. Kama hakuna, inasomwa tena, tunapiga kura, inaenda Nairobi kutiwa muhuri. Ikitoka Nairobi, hapo hata mimi siwezi kitu."

"Basi andika pingamizi yangu."

Jairus aliacha kukama, akajikuna shingo. "Kanuni inasema pingamizi itoke kwa mlipa kodi."

Wanawake wakatazamana. Kodi ya kichwa ililipwa na wanaume. Kichwa cha mwanamke kilibeba kuni, maji na vyungu, lakini serikali ilikuwa haijakihesabu.

"Leteni waume zenu," Jairus alisema, naye mwenyewe aliona aibu kusema hivyo.

Waume gani? Wa Dinah alikuwa Endebess, kwenye shamba la mzungu, na alikuja nyumbani Krismasi tu. Wale waliokuwa karibu waliona mambo ya vyungu na mboga ni ya wanawake. Mmoja alimwambia mkewe kwamba ng'ambo ya mto kuna hewa nzuri. Laiti ningekuwepo ningempeleka huko akaivute. Dinah alirudi nyumbani maji yakiwa yamemfika shingoni. Alijua vizuri kwamba hakuna mnunuzi atakayevuka matope kumfuata. Akipoteza pale langoni, ufinyanzi wake umekwisha, na msimu ujao atakuwa akilima kibarua kwenye mashamba ya watu.

Siku ya soko akaja Wekoye, tarishi wa baraza, na tarumbeta yake ya bati. Amri ilikuwa atangaze kwa Kiswahili, kwa kuwa soko la Chwele lilikuwa na Wasabaot walioteremka mlimani, Wateso, Wahindi na kila aina ya mtu. Wekoye alikuwa Mbukusu, na ulimi wa Bungoma una tabia zake. Kwake l na r ni ndugu, na mmoja akikosekana mwenzake humwakilisha bila kuulizwa. Siku nyingi jambo hilo halidhuru mtu. Wekoye akapanda juu ya gogo, akavuta pumzi.

"Sikirizeni! Baraza rinareta sheria ndogo ya mahari! Kira mtu ataandikishwa, atapewa mahari moja tu! Mahari yote ya zamani inafutwa! Mwenye pingamizi, na awe mripa kodi, aje kwa nyumba ya baraza Jumatano asubuhi!"

Soko zima likanyamaza. Hata kuku walioning'inizwa miguu juu walikuwa kama wanafikiria.

Kisha pakawaka moto. Mzee mmoja mwenye mabinti wengi alitupa kofia yake chini. "Inafutwa? Ng'ombe zangu bado ziko kwa watu, ati inafutwa?" Mwenye wake watatu aliuliza hiyo moja ni ya mke yupi. Vijana ambao hawajaoa walipiga mbinja kwa furaha, mpaka mwenzao mmoja akawauliza kama wana uhakika hiyo moja haitapandishwa, na furaha yao ikageuka hasira. Katika kelele zile mtu mmoja tu alielewa, naye ni Gurdip Singh mwenye kinu cha posho, ambaye ulimi wake haukuwa na ugomvi na herufi hizo.

"Mahali, bana! Mahali! Nafasi ya kukaa!" alipiga kelele kutoka mlangoni kwake.

"Wewe Singh, mambo ya mahari yetu unajua nini?" wakamwambia, na akarudi ndani kwenye unga wake.

Dinah alikuwa amefungua kinywa. Yeye alijua, kwa sababu Jairus alikuwa amemfundisha kifungu kwa kifungu. Neno moja kutoka kwake lingetosha kuwatuliza wale wanaume wote na kuwarudisha kwenye pombe yao. Akakitazama kile kikosi cha walipa kodi waliovimba mishipa ya shingo. Akakifunga kinywa.

Yule mzee wa kofia akamjia. "Mama Sellah, umesikia? Baraza inataka kula ng'ombe zetu!"

"Nimesikia vile wewe umesikia, mzee," Dinah alisema, akajitia hamnazo na kufuta chungu ambacho hakikuwa na vumbi. "Lakini mlipa kodi ndiye anaweza kuzuia. Sisi tutafanya nini?"

Wako watakaosema alidanganya. Mimi nasema hakuongeza hata neno moja juu ya tangazo la serikali.

Jumatano nyumba ya baraza ilijaa pomoni. Wengine walikuwa wametoka Lwakhakha kwa baiskeli. Bwana DC, mkuu wa wilaya na mwenyekiti wa baraza, alikaa mezani na wanakamati wake, Jairus akiwa pembeni yake, na alishangaa sana. Alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivi wakija kusikiliza sheria ya soko. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, kwamba amefurahi kuona wananchi wanalipenda soko lao. Wanawake waliambiwa wakae nje, kwenye kivuli cha paa.

Mzee wa kofia alisimama kwanza. Alizungumza juu ya binti yake mkubwa, kisha wa pili, kisha ng'ombe mweusi mwenye pembe moja aliyeahidiwa na hajaonekana hadi leo. Bwana DC alipekua karatasi zake akitafuta ng'ombe mweusi. Jairus ndiye aliyeshtuka mapema. Aliuma mdomo, akasimama.

"Wazee, ngojeni kidogo. Sheria hii si ya mahari. Ni ya mahali. Ma-ha-li. Pale mtu anakaa sokoni. Ni mambo ya meza."

Halafu kicheko kikapasuka mpaka mabati yakatetemeka. Wekoye, aliyesimama ukutani na tarumbeta yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Wanaume walipigana mabega, wakafuta machozi, wakachukua kofia na fimbo zao. Ng'ombe walikuwa salama, na shauri lilikuwa limekwisha.

"Basi," Bwana DC alisema, akifungua kalamu yake, "kama hakuna pingamizi juu ya sheria yenyewe..."

Dinah aliyasikia hayo kutoka nje, na moyo ukampasuka. Walipa kodi wote wa Chwele walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, jambo ambalo asingeliweza hata kwa kupiga magoti nyumba kwa nyumba, na sasa walikuwa wanaondoka. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja. Akainuka, akaenda akaketi kizingitini, akanyoosha miguu.

"Njooni mkae," aliwaita wenzake, "na mkae vizuri."

Wakaja wote, wakaujaza mlango kuanzia mwimo hadi mwimo.

Kwetu, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona njiani hujitoma kichakani. Hampi mkono, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Na mke wa mtu na baba mkwe wake hali ni hiyo hiyo. Chwele nayo si kubwa. Wale wanawake walikuwa wamewaozesha mabinti zao nusu ya wanaume waliokuwa mle ndani, na walikuwa wameolewa na wana wa nusu iliyobaki. Wa kwanza kufika mlangoni aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Wa pili alimgonga wa kwanza. Mmoja mjanja alikimbilia dirishani, akachungulia, akamkuta mama mkwe wake amekaa chini yake akimenya njugu, akarudi kwenye benchi taratibu, amejifunika uso kwa kofia.

"Kwa nini hawatoki?" Bwana DC aliuliza.

"Hawawezi, bwana," Jairus alijibu. "Mlango umejaa wakwe."

Dinah alikuwa ameipa nyumba mgongo na kujitanda leso mpaka usoni, kwa sababu mle ndani alikuwamo Wabwile, mume wa Sellah. Tangu harusi Dinah alikuwa hajawahi kumtazama usoni wala kuisikia sauti yake. Macho yake yalitazama barabara ya soko. Akapiga moyo konde.

"Mimi siongei na baraza," alisema kwa sauti kubwa. "Kanuni imekataza. Naongea na hii barabara. Barabara, umeona wanaume wamekimbia hapa kwa sababu ya mahari. Ni vizuri. Lakini niambie, hizo ng'ombe za mahari zilitoka wapi? Ni kijana gani wa hapa alioa na mama yake hakuuza kitu? Kuku tuliuza. Mboga tuliuza. Tulikaa kwa vumbi mpaka kuku ikawa mbuzi, na mbuzi ikawa ndama, na ndama ikapelekwa kwa watu, kijana akaitwa mwanamume. Sasa wanatuondoa. Wanatupeleka kwa matope, na vyungu vyangu wanataka vipande juu ya meza, upepo uvitupe. Mahali yetu ikiisha, mahari itatoka wapi?" Aliivuta leso usoni vizuri. "Barabara, unalipa kodi wewe? Kama hulipi, nyamaza kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Bwana DC aliweka kalamu chini, akamwinamia Jairus, wakanong'ona.

"Nauliza mara ya mwisho," Bwana DC alisema. "Yuko mlipa kodi mwenye pingamizi juu ya kifungu cha meza?"

Dinah hakuweza kugeuka kutazama. Aliona mbele yake mbuzi, na unga mweupe mlangoni kwa Gurdip Singh, na mtoto akiburuta tawi. Aliogopa, aliogopa kweli, kuliko siku alipokuwa akijifungua peke yake. Kisha benchi likalia.

"Mimi ninapinga." Ilikuwa sauti nzito ya kijana, inayotetemeka kidogo. "Wale mama wakae pale walikuwa wanakaa. Andika mimi."

Dinah hakuijua sauti ile. Benchi lingine likalia, na lingine, na yule mzee wa kofia akaanza tena habari za ng'ombe mweusi lakini safari hii akikipinga kifungu cha meza, na Jairus akawa anaandika majina mpaka akaomba wino.

Kifungu kilirudi Bungoma. Kabla ya kusomwa mara ya pili kikabadilishwa. Mwuza vyungu, mboga au nafaka atakaa chini, pale pale alipozoea, na hakuna atakayemwondoa. Kura zikapigwa, karatasi ikaenda Nairobi, ikarudi na muhuri. Jairus alisimama pia barazani akauliza kwa nini mwanamke anayeuza sokoni hana haki ya kulisemea soko, na swali hilo lilichukua muda mrefu zaidi, lakini liliulizwa, na likaandikwa kwamba limeulizwa.

Hayo yote yalikuwa bado mbele. Siku ile, pale kizingitini, Dinah alimshika mkono mwenzake aliyeketi kando yake na ambaye hakuwa na mkwe mle ndani, kwa hiyo aliweza kugeuka na kutazama.

"Ni nani yule amesema kwanza?"

"Hukumjua? Si Wabwile. Si mkwe wako."

Dinah alijifunika uso wote kwa leso, akalia, bila kujali nani anamwona. Wenzake walimwacha alie. Ndani walikuwa wamemaliza, na viatu vilisogea kuelekea mlangoni na kusita. Akajipangusa macho, akainuka kwa shida kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaenda akasimama nyuma ya ukuta, uso kwenye udongo, ili Wabwile apate kupita.