Herufi ya Tatu kwenye Boneti

Lori limerudi kwangu wiki iliyopita, limefungwa kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Aliyelileta ni Martha, binti wa marehemu Sara. Matanga ya mama yake yalikuwa yamekwisha juzi yake. Aliliweka mezani, akafungua kanga, akasema, "Shikamoo baba mdogo. Mama aliniusia hiki kitu kisipotee. Lakini angalia, maandishi yamefutika. Naomba uyarudishie kabla sijarudi Singida mjini. Ila safari hii andika vizuri, Sara, kwa R."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia apite Jumamosi.

Ni lori la futi mbili, Bedford, la bati na mbao. Nililitengeneza mwenyewe mwaka wa sabini na tano, hapa hapa Misigiri, na sioni haya kusema kwamba sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho. Mke wangu Dorkas huuliza, "Na watoto wako je?" Mimi humwambia watoto tulisaidiana. Rangi ya buluu bado imekaa, taa zinang'aa, magurudumu yanazunguka. Kilichoondoka ni lile neno la herufi nne juu ya rejeta. Halikuondoka kwa jua wala mvua. Lilisuguliwa kwa kidole miaka yote hiyo mpaka bati likaonekana.

Sasa ni siku ya tatu nimekaa na brashi mkononi, rangi nyeupe inaanza kukauka kwenye kifuniko, na tatizo langu ni herufi ya tatu. Niandike R kama alivyoniagiza Martha, au niandike L kama ilivyokuwa? Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na dereva aliyeniagiza neno hilo alikufa bila kulijua.

Mwaka wa sitini na mbili nilikuwa utingo wa Mathayo Msengi, mume wa Sara. Yeye alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, Mlutheri, dereva ambaye angeweza kupanda mlima wa Sekenke na mzigo wa mtama huku anakula karanga. Mimi nilikuwa kijana wa Kinyaturu kutoka Ikungi, Mkatoliki, nimemaliza darasa la nne misheni, na darasa hilo la nne lilinipanda kichwani. Mathayo hakujua kusoma. Vibao vya barabarani nilimsomea mimi, na barua za mwenye lori nilimsomea mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwaka huo mwenye lori alitupatia rangi mpya. Uhuru ulikuwa bado mbichi na kila mtu alitaka kitu chake kionekane kipya. Tulilipaka lori buluu, siku mbili nzima, uwanjani kwa Mathayo. Tulipomaliza akasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, akasema, "Gasto, sasa andika hapa. Helufi kubwa. Andika Sala."

Hapo lazima nieleze kitu. Wanyiramba wa umri wetu hawakuwa na ugomvi na R; waliiacha tu ipite. Rangi kwao ilikuwa langi, barabara ilikuwa balabala. Nilikuwa nimefanya kazi na Mathayo miezi minane, nilijua hivyo, na nilimtania kwa hivyo kila siku. Lakini siku ile, mtoto wa misheni mimi, niliposikia "Sala" nikaona altare na mishumaa. Nikafikiri, kumbe huyu mzee ana dini kiasi hiki! Nikachovya brashi nikaandika kwa madaha: SALA.

Na hakuna aliyegundua. Abiria waliojua kusoma walisoma "Sala" wakasema dereva huyu anamtanguliza Mungu, tupande. Mathayo akiwasikia wanasoma "Sala" alisikia jina la mke wake, akatabasamu. Kila tulipofika nyumbani, Sara alitoka na maji ya kunawa, na kabla ya kumpa mumewe alisimama mbele ya lori, akapitisha kidole kwenye zile herufi moja moja, boneti ikiwa bado ya moto. Mimi nikafikiri mama naye ana dini.

Nilijua ukweli mwaka uliofuata, tukiwa tumesimama Iguguno kupoza rejeta. Mathayo alisema, bila kuniangalia, "Unajua Gasto, mimi siwezi kumwandikia mke wangu balua. Lakini jina lake linatembea mpaka Nzega. Linanitangulia."

Kumbe aliniagiza Sara. Ningemwambia pale pale. Kifuniko kimoja cha rangi na dakika kumi vingetosha kugeuza ile L. Nikajiambia nitairekebisha tukilipaka tena. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ningewezaje kumwambia mtu niliyemsomea ulimwengu mzima kwamba neno moja alilolitaka yeye sikulisikia? Lori halikupakwa tena. Mwaka wa sitini na tisa Mathayo akaugua kifua, akafa kitandani kwake, na mwenye lori akaliuza huko Tabora. Mimi nilikuwa nimeshamwoa Dorkas, hapa hapa kwao. Nikashika jembe.

Mwaka wa sabini na nne tukahamia kijiji cha ujamaa, wote kwa mstari, nyumba zinatazamana. Sara akawa jirani yangu wa nyumba ya nne. Nililima shamba la kijiji na la kwangu, nilihudhuria mikutano, nilipiga makofi panapostahili. Lakini nilikuwa na kiu ya barabara. Nilikumbuka harufu ya breki kwenye mteremko, nikakumbuka turubai linavyopigwa na upepo mtu akisimama juu ya mzigo wa vitunguu. Jioni moja nikachukua kipande cha mninga nikaanza kuchonga chasisi.

Vipimo vya lori sikuwa navyo. Nilichokuwa nacho ni mwili wangu, kwa sababu nililala ndani ya lile lori, chini yake na juu yake kwa miaka saba. Kwa hiyo kwanza nilichonga mtu. Mimi nina futi tano na inchi sita. Nikachonga kijiti cha mtu cha inchi tano na nusu, inchi moja kwa kila futi, nikamwita Gasto Mdogo. Kisha kila kitu nikampima yeye. Bodi ilinifika kifuani, basi imfike kifuani. Nikilala kwa upana miguu yangu iligusa mbao na kichwa kikabaki na nafasi ya kofia, basi na yeye vivyo hivyo. Dorkas alinikuta namlaza mtu wa mti ndani ya kopo, akaita majirani waje waone mume wake alivyoharibikiwa.

Bati lilikuwa la debe la mafuta ya taa. Springi nilikata kwenye mikanda ya chuma ya marobota, magurudumu kwenye soli za malapa, turubai kwenye mwavuli uliochanika. Taa ni vifuniko vya soda nilivyovisugua kwa majivu. Kwenye madigadi ya kushoto nikagonga mbonyeo kwa ncha ya msumari, pale pale tulipouvaa mti wa mkwaju siku ya mvua. Rangi ya buluu ilibaki baada ya kupaka milango ya shule, nikaomba. Brashi ni manyoya ya mkia wa mbuzi. Nilipaka mara tatu, na kila mara niliisubiri rangi ikauke siku mbili, na katika siku hizo sikuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani. Nilisikia injini. Naapa nilimsikia Mathayo akibadilisha gea.

Nikaacha boneti bila neno. Nilisema nitaandika kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo.

Ndipo Sara akaja. Alikuwa na ubao wake wa kuandikia, ule wa kisomo cha watu wazima, na alikuwa amekasirika.

"Shemeji, mwalimu ananionea," akasema. "Wiki ijayo ni mtihani, na anasema nimeshindwa kuandika jina langu mwenyewe. Kila siku naandika, kila siku anakata."

Akanionyesha. Ubaoni palikuwa pameandikwa SALA, kwa chaki, herufi kubwa, mkono wangu kabisa. Hata mkia wa S ulikuwa wangu.

"Anasema helufi ya tatu ni mbovu. Mimi nimemwambia, mwalimu, hili jina nimelishika kwa kidole miaka saba kabla wewe hujajua kuvaa suluali. Mume wangu aliliandikisha kwenye boneti. Watu wameanza kunicheka. Dolkas ameniambia umelitengeneza lile loli. Njoo nalo kesho dalasani. Wewe ndiye uliyeandika, uwe shahidi wangu."

Nikasema nitakuja. Ningesema nini?

Nilikaa na ile boneti. Nikiandika SARA, mwalimu atafurahi, lakini yule mama atajua kwa kidole chake kwamba nimedanganya. Nikiandika SALA, mwalimu atamwambia maana yake mbele ya watu wote. Nilichukua brashi nikaandika kama ilivyokuwa, SALA, kwa sababu lile lori nililitengeneza na mbonyeo wake na sikuwa na haki ya kusahihisha kitu kimoja tu, kile kilichonihusu.

Darasa lilikuwa chini ya bati la ghala la kijiji. Mwalimu Antipasi, kijana mpole wa Kigogo, aliliona lori akasahau kazi. Alizungusha magurudumu, akachungulia kebini. Wanafunzi, wazee watupu, wakasimama kuona. Sara alikaa mbele, mgongo wima, anasubiri haki yake.

"Soma hapo mwalimu," akasema.

Antipasi akasoma, "Sala." Akainua uso, akatabasamu kwa nia njema kabisa. "Ndiyo mama, hapa ni sawa. Lakini hili siyo jina. Hii ni sala, kuomba Mungu. Marehemu alikuwa mcha Mungu. Jina lako lingekuwa na R."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Sara hakucheka. Aliniangalia mimi.

Nikasimama. "Mwalimu, kosa ni langu. Mathayo aliniagiza jina la mke wake. Mimi nikasikia kuomba Mungu, nikaandika kuomba Mungu. Nilikuja kujua, nikanyamaza. Alikufa anajua ni jina la mke wake lililoandikwa pale."

Sara akachukua ubao wake, akatoka. Lori akaliacha mezani. Nililibeba mpaka nyumbani, na siku hiyo Dorkas hakunitania.

Siku mbili hakunisalimia. Nilipita mbele ya nyumba yake kwenda shambani, akaingia ndani. Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nakamua mbuzi nikasikia hodi. Hakukaa. Alisimama akishika nguzo ya mlango.

"Shemeji. Siku ile alipokuagiza, alisemaje?"

"Alisema andika jina..."

"Sitaki alisema nini. Nataka alisemaje. Sema kama yeye."

Mimi niliyemtania Mathayo miaka saba nilikuwa nimeikariri sauti yake kuliko sala zangu zenyewe. Nikaweka kibuyu chini. Nikaweka mikono kiunoni kama yeye, nikaishusha sauti, nikasema, "Gasto, sasa andika hapa. Helufi kubwa. Andika Sala."

Sara alishika mdomo.

"Ludia."

Nikarudia. Akataka kusema "Ludia" tena, lakini hakuweza kulimaliza neno. Nikarudia mara ya tatu, na hapo nikaanza kulia mimi, mwanamume mzima na kibuyu cha maziwa miguuni, kwa sababu niliisikia sauti ile imejaa kwenye uwanja wangu na mwenyewe hayupo.

Alipotulia, akasema, "Ndiye. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza. Hajawahi kuniita vingine, na mimi sijawahi kujiita vingine. Hukukosea kusikia, shemeji. Ulikosea kunyamaza." Akaingia, akalichukua lori kifuani. Wiki iliyofuata alifanya mtihani akaandika SARA, safi, akafaulu. Nilimuuliza kama amekubali kushindwa. Akasema, "Ile ya R ni ya selikali. Hii ni ya nyumbani."

Jana nimeandika.

Leo Jumamosi Martha amekuja, gari la kwenda mjini limesimama njiani linamsubiri. Ameinama mezani. Amesoma kimya, na nimeona amekunja uso, kwa sababu yeye ni mtu aliyesoma, ameuguza watu hospitali miaka thelathini, na hapo juu ya rejeta kuna L nyeupe, mbichi, imesimama wima.

"Baba mdogo, nilisema R."

"Nimesikia," nikamwambia. "Siku mama yako anazikwa, wakati mnashusha jeneza, ulilia ukimwita kwa jina lake. Ulimwitaje?"

Akafungua mdomo kunijibu haraka, kama watu wa mjini wanavyojibu. Gari likapiga honi. Martha akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye herufi ya kwanza, nikamwambia, "Taratibu, rangi haijakauka," lakini hakunisikia, alikuwa ameshafika kwenye ya tatu.

"Sala," akasema.