Picha Hazikumngoja Ndeti

Nyawira alimwachia Ndeti mazungumzo yote, yeye akabaki na kamera. Mwaka uliotangulia alianguka somo hilihili la kuzungumza hadharani kwa kusimama mbele ya darasa akitetemeka bila kutoa neno. Akianguka tena, hafuzu na wenzake, na mamake alikuwa ameshalialika kanisa zima la Uthiru kwenye mahafali. Ndeti alikuwa mshereheshaji wa harusi. Maneno kwake yalitiririka kama maji.

Bi. Mukonyo, mhadhiri wao, alikuwa na sheria moja: picha ishirini, kila moja sekunde ishirini, zibadilike zenyewe ukutani. Atakayegusa kompyuta, sufuri. Wao walipiga picha za mapumziko ya mchana Nairobi, kuanzia makarani wa benki na mama mboga wa katikati ya jiji.

Zamu yao ilipofika, Ndeti akasafisha koo. "Mheshimiwa mhadhiri wetu, itifaki zote zikizingatiwa, wanafunzi wenzangu, marafiki, majirani..." Jamani, mazoea yana taabu! Hadi anamaliza salamu, picha mbili zilikuwa zimeshapita, na ukutani wamelala mbuzi wa Uthiru juu ya taka.

"Hawa," akasema kwa madaha, bila kugeuka nyuma, "ni makarani wa benki. Wamechoka kutuhudumia."

Darasa likavunjika mbavu. Ukutani akatokea askari wa jiji, amelala fofofo kwenye benchi.

"Na huyu ni mama mboga wetu mpendwa."

Ndeti alidhani wamempenda, akazidi kuvuta maneno. Nyawira alitaka kulia, kicheko nacho kimemkaba. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Wee Ndeti, nyamaza! Kaa chini!" Sauti ilimtoka bila kumwomba ruhusa. "Huyo ni kanjo, askari wa jiji! Si mnaona rungu amelifanya mto? Leo wachuuzi wamepona!"

Akashika kasi. Mlinzi wa mtaa wa Spring Valley na mbwa wa tajiri walikuwa wamelala bega kwa bega chini ya kibao cha MBWA MKALI. "Sasa huyu mkali ni nani?" akauliza. Aliona raha, raha ya mtoto kwenye bembea. Picha ya mwisho ilikuwa ya Ndeti mwenyewe, amesinzia darasani.

"Na huyu MC wetu, hata akilala hafungi mdomo!"

Ndeti ndiye aliyecheka kuliko wote. Ukuta ukabaki mweupe.

"Umepita, Nyawira," akasema Bi. Mukonyo akijipangusa machozi. "Muda umekwisha."

"Ngoja kidogo, mwalimu. Zile mbili za kwanza hazijaelezwa. Sasa hao makarani..."

"Wee Nyawira, nyamaza!" Ndeti akapaza sauti. "Kaa chini!"