Murija wa Patron Michel

Watu kumi na wanne walikuwa wanachimba katika shimo la madini la bosi wetu, Patron Michel, kule Rubaya, na hakuna aliyejua jina la hata mumoja. Hawakuwa na kadi, hawakuwa na telefoni, hawakuongea na muntu. Tuliwaita mabubu. Mimi Luc, mubebaji wa mizigo niliyetoka Mpofi, nilicheka pamoja na wengine, na sitajisamehe. Ajenti wa madini alipita na kitabu chake, akaandika "wachimbaji kumi na wanne", akaenda kula. Kwetu huku muntu asiye na kadi hawezi kupotea, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba aliwahi kuwepo.

Kisha Valens, muchimbaji mwenzetu, akapotea. Huyo alikuwa na kadi, na zaidi ya kadi alikuwa na dada.

"Alisema anaenda kuona kama bale mabubu banatokea wapi," dada yake Uwamariya aliniambia, mikono ikiwa bado na unga wa mandazi anayouza kando ya njia. "Siku tatu sasa. Patron anasema amekimbilia Hombo. Kaka Luc, muntu anakimbilia Hombo miguu mitupu? Sapatu zake ziko tu pale ku mulango ya shimo!"

Tuliingia shimoni Jumapili asubuhi, wakati watu wako misa na patron, kwa maneno yake mwenyewe, yuko Goma. Tulikuwa watatu: mimi, Uwamariya, na Naomie rafiki yake wa masomo. Mimi Munyanga, Naomie Muhunde, Uwamariya nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Tangu nizaliwe nimeona watu kama sisi wakifundishwa kuangalia mikono ya mwenzao, kama imeficha kisu. Basi hata mle ndani, kila taa ilipogeuka, iligeukia mikono.

Tulitambaa mpaka joto likaisha. Upepo wa baridi ukatupiga usoni, ukinuka majani mabichi na moshi. Tukatokea nje, juani.

"Ni Rubaya," Naomie alisema polepole. "Angalia ule mugongo ya mulima. Lakini miti imetoka wapi?"

Kilima kilikuwa kilekile, na hakuna aliyewahi kukichimba. Msitu ulikifunika chote. Chini yetu wahunzi walikuwa wakivuta mivukuto, na wanaume wenye mikuki walikuwa tayari wametuzunguka. Naomie aliwasemesha Kihunde. Walikunja uso kama muntu anayesikia mutoto akijifunza kusema, lakini walielewa. Walipotaja jina la Mwami, mfalme wao, Naomie alinishika mukono.

"Luc, babu yangu akihesabu Bami wote wa zamani, ule njo anamalizia. Kidole cha mwisho. Tumerudi nyuma miaka mia na mia."

Walitupeleka kwa Mwami. Valens alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo, mdomo umevimba. Kosa lake? Alitokea katika shimo ambalo vijana kumi na wanne wa kijiji walipotelea. Wewe ungemushuku nani? Jua likifika katikati, atatupwa kwenye maporomoko. Na muntu waliyemuita muuzaji wa chumvi, mugeni wa heshima, alikuwa ameketi kando ya Mwami amevaa ngozi ya chui.

Ni Patron Michel.

"Bonjour, watoto," alisema kwa Kiswahili, akitabasamu. "Misa imeisha mapema?"

Uwamariya alimupita. Alipiga magoti, akamunyooshea Mwami paketi ya biskuti, imefungwa vizuri na plastiki yake. Watu wote walirudi nyuma. Mzee mumoja akaipiga kwa fimbo, ikaruka.

"Wanasema umeleta sumu," Naomie alitafsiri.

"Sumu wapi? Iko imefungwa na kiwanda!"

Hapo njo nilimukumbuka bibi yangu wa Mpofi. Hakunipa hata maji bila kunywa kidogo mbele ya macho yangu. Anayetoa njo anaonja wa kwanza. Sisi wa leo tunaamini plastiki, tumeacha kuamini mudomo. Nilimunong'oneza Uwamariya. Akatoa andazi, akalivunja, akala nusu mbele yao wote, akamaliza kutafuna, akatoa nusu nyingine. Mwami alilipokea. Akakubali tukae.

Michel hakupenda. Alisogea karibu na sikio langu. "Luc, mutoto ya Mpofi. Ule binti anatafuta kaka yake tu. Akimupata, weye na Muhunde wako mutabaki hapa kulipia. Unawajua watu wake, hapana? Sema Valens ni mwizi wa vijana, nakurudisha leo."

Na mimi, ninayejidai nina kichwa, niliangalia mikono ya Uwamariya.

Kibuyu cha kasiksi kikaletwa, pombe ya ndizi, zawadi ya Michel kwa Mwami, na mirija miwili. Michel akachukua murija wake, akavuta wa kwanza. Wazee wakatikisa kichwa kwa heshima. Kumbe kwa desturi hiyo njo aliwakamata! Alijifanya anaonja, wao wakanywa pombe yenye dawa ya usingizi, na vijana wao, mabubu wetu, wakaamka Rubaya ya leo wakiwa na nyundo mkononi.

"Naomie," Uwamariya alisema, "muambie Mwami asinywe. Miye nauzisha juisi kila siku. Muntu akivuta, koo inatembea. Ya ule papa Michel haikutembea. Babadilishane mirija."

Naomie alisema. Michel alicheka sana, peke yake. "Anamutukana Mwami! Mirija ya Mwami haiguswi!"

"Basi anywe tena na wake, povu ishuke tuone," Uwamariya alimujibu. "Papa, unaogopa pombe yako?"

Mwami akainuka. Alinyoosha mukono mwenyewe, akauchomoa murija wa Michel, akaugeuza. Ncha ya chini ilikuwa imezibwa na nta.

Michel alikimbia hatua tano. Walimuketisha, wakamupa murija mzima, na safari hii koo ilitembea. Alilala kabla kivuli hakijasogea. Nasikia watu wakisema kwamba ubaya uliisha pale. Ubaya gani? Wale waliokuwa wakinunua mchanga wake wa madini hawakuuliza hata siku moja unachimbwa na nani, na hawajalala.

Kamba ya Valens ilikatwa. Lakini Mwami alinyoosha kidole kwetu, Naomie akatafsiri: "Wenu yuko hai. Wetu wako wapi? Mumoja abaki mpaka warudi; jua likipita katikati, atatupwa yeye."

Uwamariya aliniangalia, mimi niliyekuwa nimeangalia mikono yake. Nadhani alijua. Nikaenda mwenyewe kwenye nguzo.

"Kaka Luc, tunarudi."

"Sijauliza," nilisema.

Wakaingia shimoni wote watatu, na niliuliza moyoni kila dakika. Jua lilifika katikati, likapita. Mikuki ikaanza kusogea. Kisha mulio wa mwanamuke ukatoka kwenye msitu: muntu ametokea shimoni, akiziba macho kwa mwangaza, mama yake amemutambua. Akafuata wa pili. Nilihesabu mpaka kumi na wanne, na kila mumoja aliitwa kwa jina.

Valens na Naomie walitoka nyuma yao. Uwamariya alikuwa wa mwisho. Alikuja mpaka kwenye nguzo, akatoa andazi la mwisho, akaliuma.

"Haina lazima," nilimwambia.

"Iko lazima," alisema, akanipa nusu.